Chaguo la pili

Mwaka 1988, kwetu Kenya, babangu alipiga kura kwa miguu. Hapakuwa na karatasi wala debe, watu walipangwa mlolongo uwanjani, kila mgombea ana ajenti wake kasimama mbele na picha, na wewe unaenda unasimama nyuma ya picha unayoitaka, mchana kweupe, jirani anakuona, chifu anakuona, mwenye nyumba unayemlipa kodi anakuona. Ukishasimama ndo ushapiga. Chama kilikuwa kimoja tu nchi nzima na huo ndo ulikuwa mchujo wake, na aliyepata asilimia 70 kwenda juu alihesabika kashapita, uchaguzi wenyewe haumhusu tena. Mimi nlikuwa mdogo, nimeshika shati lake kwa nyuma, na ninalokumbuka ni kwamba alisimama kwanza kwenye mstari mmoja, akageuka akaangalia, halafu akatoka akaenda mstari mwingine. Njiani kurudi nyumbani Kisauni, Mombasa, sikumuuliza kitu. Nlikuja kumuuliza nshakuwa mtu mzima na yeye kashaota mvi, akaniambia, "Mwanangu, yule wa kwanza ndo nliyekuwa namtaka. Lakini nliona hafiki, na mstari wenyewe mfupi hata nkaona haya."

Hayo maneno ya mzee nlikuwa nshayasahau kabisa mpaka tarehe 12 Juni 2018, miaka 30 baadaye, nlipopewa karatasi ya kura mjini Portland, jimbo la Maine, huko juu kabisa kaskazini mashariki mwa Marekani ukikaribia Kanada. Nlikuwa nimeapishwa uraia mwaka mmoja kabla, ndo kura yangu ya kwanza ya gavana, mchujo wa chama, na ile karatasi haikuniuliza tu namtaka nani. Iliniuliza namtaka nani, na huyo akikosa je, na huyo wa pili naye akikosa je, mpaka mwisho wa orodha. Nkakaa pale nimeshika kalamu namuwaza babangu na mistari yake miwili.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana bila historia hii haieleweki.

Maine ni jimbo la watu kama milioni moja na laki nne hivi, misitu mingi, kamba koche wengi, na wapiga kura wenye kichwa ngumu ambao hawapendi kuambiwa kuna vyama viwili basi. Wagombea huru huko wanapata kura za maana na wengine wanashinda kabisa, Angus King alichaguliwa gavana mwaka 1994 kama mgombea huru kwa asilimia 35 tu ya kura. Shida inaanzia hapo hapo. Wakiwa watatu au wanne wenye nguvu, mshindi anapita na theluthi na kitu. Ukichukua chaguzi 11 za gavana kutoka 1974 hadi 2014, katika 9 alishinda mtu aliyepata chini ya nusu. Sisi Wakenya hili tunalijua vizuri, kwetu rais lazima apate nusu ya kura na moja juu lakini gavana wa kaunti katiba inasema aliyeongoza ndo kashinda, hata akiongoza na asilimia 30, na ndo maana kila uchaguzi unasikia fulani kawekwa agawanye kura za fulani.

Mwaka 2010 Maine ikampata Paul LePage wa chama cha Republican, mfanyabiashara aliyekuwa meya wa Waterville, mkali, mropokaji, kwa asilimia 37.6. Mgombea huru Eliot Cutler alikuwa na 35.9 na Libby Mitchell wa chama cha Democratic akabaki na 18.8. Jumlisha mwenyewe hao wawili. Mwaka 2014 wakarudi tena watatu, LePage, Mike Michaud wa Democratic na Cutler yule yule, LePage akapita na asilimia 48. Kuna wanaosema angepita tu hata kungekuwa na wawili na siwezi kubishana nao kwa ile ya 2014, lakini watu walikuwa wamechoka kupiga kura huku wanakokotoa hesabu za jirani. Novemba 2016 wakapitisha kwa kura ya maoni, asilimia 52, mfumo wa kupanga wagombea kwa namba. Hakuna aliyefika nusu? Aliye chini kabisa anatolewa, karatasi zake zinafunguliwa upya zinaangaliwa chaguo la pili ni nani, zinaenda huko, tena na tena mpaka mmoja avuke nusu ya kura zilizobaki. Ni kama duru ya pili ya uchaguzi, ila watu hawarudi kituoni, wameshaandika kila kitu siku ya kwanza.

Halafu mahakama ikaingia. Mei 2017 majaji wa mahakama kuu kabisa ya Maine wakatoa maoni, wote kwa sauti moja, kwamba katiba ya jimbo inasema gavana ni yule mwenye kura nyingi kuliko wenzake, nukta, kwa hivo kumpanga gavana kwa namba kwenye uchaguzi mkuu ni kinyume cha katiba. Na hapo kuna kisa cha zamani ambacho mimi nakipenda sana. Zamani katiba yao ilitaka gavana apate zaidi ya nusu, akikosa wabunge waamue, na uchaguzi wa 1879 ukawaletea balaa, hakuna aliyefika nusu, pande mbili zikadai ushindi, watu wenye silaha wakajazana mji mkuu Augusta, na ikabidi Joshua Chamberlain, jenerali wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na gavana wa zamani, alilinde jengo la bunge siku 12 Januari 1880 damu isimwagike. Baada ya hapo wakabadilisha katiba, wakasema basi, mwenye nyingi achukue. Yaani ile sheria watu wa 2016 walitaka kuitoa iliwekwa kuokoa roho za watu. Mimi nlipoisoma hiyo, na yale tuliyoyaona Kenya baada ya kura za 2007, niliielewa kwa mwili mzima.

Lakini katiba ilikuwa inazungumzia uchaguzi mkuu wa viti vya jimbo, haikugusa mchujo wa vyama. Bunge la jimbo kwa upande wake Oktoba 2017 likapitisha sheria ya kuuweka pembeni mfumo wote mpaka katiba ibadilishwe, na wananchi wakasema la. Kule Maine wananchi wana haki ya kuizuia sheria ya bunge wakikusanya saini za kutosha, ilitakiwa zaidi ya 61,000, na wakazikusanya kwenye baridi ile ambayo ukitema mate unasikia yameanguka. Mmoja wao alinisimamisha nje ya duka, mama mtu mzima, glavu zimekatwa vidole ashike kalamu, akaniomba saini. Nkatia. Ndo ilikuwa saini yangu ya kwanza ya kisiasa Marekani.

Matokeo yake Juni 2018 ilikuwa siku ya ajabu, tulikuwa tunapanga wagombea kwa namba na kwenye kura hiyo hiyo tunaulizwa kama tunataka kuendelea kupanga kwa namba.

Sasa kwa nini mimi, mtu wa zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nlijitia kwenye mambo haya kiasi hicho? Kwa sababu ya jirani yangu.

Ghorofa ya chini yetu alikuwa anakaa mama mmoja wa Bukavu, Kongo, na watoto watatu. Alikuja 2016 kuomba hifadhi. Sheria ya Marekani inamwambia muomba hifadhi, peleka maombi yako, na kibali cha kazi hukipati kabla ya siku 180 kupita tangu uyapeleke, na kuyaandaa kwenyewe ukiwa huna wakili wala Kiingereza ni miezi. Hapo katikati unakula nini? Maine kuna msaada unaotolewa na manispaa, vocha ya kodi, vocha ya chakula, na jimbo linachangia. Gavana LePage mwaka 2014 aliziambia manispaa ziache kuwapa watu wasiokuwa na karatasi kamili, waomba hifadhi wakiwemo, zikipinga jimbo halitazirudishia pesa. Mwaka 2015 bunge likapitisha sheria ya kuwapa waomba hifadhi miezi 24. Kwa hivo kwa mama wa Bukavu gavana halikuwa jina la kwenye TV, lilikuwa kodi ya nyumba. Na yeye kura hana. Mimi ninayo.

Tulikuwa tunasikilizana vizuri yeye na Kiswahili chake cha Kivu na mimi na changu cha pwani, mara moja moja tu tunakwama, yeye anasema sombe mimi nasema kisamvu, chungu ni kile kile. Jumapili moja mwishoni mwa Mei kapanda na bakuli la sombe na fufu, ugali wao, akakuta nimetandaza mezani ile karatasi ya mfano ambayo jimbo lilikuwa limetoa watu wajifunze. Majina saba ya wagombea wa Democratic upande wa kushoto, halafu safu za viduara, safu ya chaguo la kwanza, la pili, la tatu, zinaendelea, karatasi nzima imejaa viduara kama bao.

Akasimama anaangalia. "Kaka, sasa uko nachagua watu ngapi?"

Nkamwambia nachagua mmoja, lakini nawapanga wote.

"Kwetu gavana banamuchaguaka badepite," akasema. "Siye tunamuonaka tu ku televizyo." Na ni kweli, Kongo gavana wa mkoa anachaguliwa na wabunge wa mkoa, mwananchi wa kawaida hana kura hapo. Tanzania nako mkuu wa mkoa anateuliwa na rais. Kwa hivo kwenye ile meza mimi tu ndo nlikuwa natoka nchi ambayo mtu wa chini anampigia gavana, na hata sisi tumeanza juzi, 2013.

Akavuta kiti, akachukua kalamu. Akaniambia nimsomee wale watu mmoja mmoja.

Nkamsomea. Janet Mills, mwanasheria mkuu wa jimbo, aliyekuwa akivutana na LePage mahakamani mpaka LePage akawa anatafuta mawakili wake mwenyewe. Adam Cote, wakili, mwanajeshi wa zamani, hajawahi kushika kiti cha kuchaguliwa. Betsy Sweet, mwanaharakati wa miaka mingi. Mark Eves, aliyekuwa spika wa bunge. Mark Dion, seneta wa jimbo aliyewahi kuwa sherifu wa kaunti yetu. Diane Russell, mbunge wa zamani. Donna Dion, aliyewahi kuwa meya wa Biddeford. Saba. Kufika pale kila mmoja alikuwa amekusanya saini zisizopungua 2,000 za wanachama wenzake. Sweet alikuwa amefanya na jambo jingine linalonigusa mpaka leo, alikuwa anatumia ule mfuko wa uchaguzi safi, yaani unatafuta watu 3,200 kila mmoja akupe dola 5 tu, ukiwapata jimbo linakulipia kampeni na wewe huruhusiwi kuchukua pesa za matajiri. Dola 5! Nafikiria mgombea wa kwetu aende Likoni akaombe watu shilingi badala ya yeye kuwapa.

Mama akauliza swali ambalo ndo moyo wa hii habari yote. "Huyu wa kwanza akianguka, kura yako inaenda wapi? Inakufa?"

Haifi. Nkamuonyesha kwa njugu. Tukagawa njugu mezani vikundi vitano, cha chini nkakichota, kila njugu nkaisogeza kwenye kikundi cha pili yake, mtoto wake wa kati akawa anazila kabla hazijahesabiwa tukacheka, lakini mama alielewa haraka kuliko Wamarekani wawili niliofanya nao kazi ambao walikuwa wanasema huo ni mfumo wa wasomi. Akasema, "Njo vile. Ni kama kutuma mutoto ku soko. Unamuambia nunua samaki, kama samaki hakuna, ndagala, kama ndagala hakuna, madesu." Ndagala ni dagaa, madesu ni maharage. Hakuna mwalimu wa uraia aliyewahi kunieleza vizuri kuliko hivo.

Na ule mfumo ulibadilisha hata kampeni zenyewe, hili nataka lieleweke. Sweet na Eves walitoa tangazo pamoja, wamekaa wawili, kila mmoja anaomba kura ya kwanza na anawaambia watu wamuweke mwenzake wa pili. Wapinzani! Kwetu mchujo wa Aprili 2017 wa vyama ulikuwa mbio na fujo, chama kimoja kikafuta siku nzima ya mchujo kwa sababu karatasi hazikutosha, na wagombea wa chama kimoja hawasalimiani. Hapa vijana wa kampeni wanagonga mlango wanauliza una mtu tayari? ninaye. Haya, unaweza kutufikiria namba mbili? Wanaongea na wewe vizuri kwa sababu hata kama hawakupati wa kwanza wanaweza kupata namba mbili yako.

Upande wa Republican walikuwa wanne, Shawn Moody mwenye gereji za kunyoosha magari yaliyogongwa, ambaye mwaka 2010 aligombea huru akapata asilimia 5, na Garrett Mason, Mary Mayhew na Ken Fredette. Huko mambo yaliisha mapema. Moody alipata asilimia 56 duru ya kwanza na namba hazikuhitajika kabisa.

Siku yenyewe nlitoka zamu saa moja asubuhi nkaenda moja kwa moja. Mchujo wa Maine wakati ule ilikuwa lazima uwe mwanachama, na mimi nlipojiandikisha sikuwa nimechagua chama, karani akanipa fomu nkaijaza pale pale, dakika mbili, hakuna kadi ya kununua. Nkapewa karatasi yangu. Kalamu nyeusi. Unajaza kiduara chote kiwe cheusi, usiweke tiki, usiweke alama ya mkasi. Nlianza na Sweet wa kwanza, Eves wa pili, Mills wa tatu. Kidole kilikuwa kinatetemeka kidogo, usiku mzima nimenyanyua wazee. Nlipofika kwa wa tatu ndo nkamkumbuka babangu na ule mstari aliouacha, nkasimamisha kalamu. Sweet nlikuwa najua hafiki. Nlikuwa najua kabisa. Na bado nlimuweka wa kwanza bila kuona haya, kwa sababu Mills alikuwa pale wa tatu ananisubiri.

Usiku ule matokeo ya kwanza yakatoka, Mills asilimia 33, Cote 28, Sweet kama 16 na nusu, Eves 14. Hakuna nusu. Na lile swali la kuendelea na mfumo likapita na asilimia 54. LePage siku hiyo hiyo ya kura alisema kwenye televisheni kwamba huenda asiyaidhinishe matokeo, na bila shaka mtu aliyetoka nchi zetu akisikia hivo tumbo linakata. Karatasi zikabebwa na kumbukumbu za mashine kutoka kila mji, vijiji vya msituni ambavyo vinahesabu kwa mkono na miji yenye mitambo, zikapelekwa Augusta chini ya lakiri. Siku nane. Siku nane nzima watu wanasubiri na hakuna aliyewasha tairi barabarani. Mama wa Bukavu kila nikikutana naye ngazini anauliza, "Banahesabu tu?" Banahesabu tu, mama.

Tarehe 20 Juni wakatangaza. Duru nne. Mills kura kama 63,000, Cote kama 54,000, yaani asilimia 54 kwa 46. Sweet na Eves wote walishatolewa njiani, kwa hivo kura yangu ilitembea mpaka ikafika kwa Mills. Kuna karatasi elfu kadhaa zilizoishia njiani kwa sababu wenyewe walijaza mtu mmoja au wawili wakaacha, na wapinzani wa mfumo wanalishika sana hilo. Mimi naona wana hoja kiasi, kuna watu hawakuelezwa vizuri na hasa wazee na wageni wa lugha, na jimbo lilikuwa na miezi michache tu ya kuwafundisha. Lakini aliyeelezwa akaamua kusimama kwa mmoja tu, hiyo ni haki yake.

Nkampigia mzee Kisauni kumueleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kimya, mpaka nkadhani simu imekatika. Akasema, "Kwa hivo ungesimama mistari yote miwili?" Nkamwambia ndio baba. Akanyamaza tena, halafu akaniuliza kama huko kuna baridi bado.

Novemba sasa.

Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 6, na hapa ndo nlipokasirika, nasema wazi. Karatasi ile moja, seneta wa Marekani unapanga kwa namba, mbunge wa Marekani unapanga kwa namba, kwa sababu hivo ni viti vya shirikisho na ile katiba ya jimbo haivizuii. Ukifika kwa gavana, kiduara kimoja. Mtu yule yule, kalamu ile ile, dakika ile ile, mahali pamoja anaaminiwa kusema moyo wake wote na mahali pengine anarudishwa kwenye mlolongo wa 1988. Wagombea walikuwa Mills, Moody, na wawili huru, Terry Hayes aliyekuwa mweka hazina wa jimbo, na Alan Caron. Hayes nlimpenda. Alikuwa anaongea taratibu, naye alikuwa kwenye ule mfuko wa dola 5. Kwenye mfumo wa Juni ningemuweka wa kwanza na Mills wa pili na kulala usingizi. Kwa mfumo wa Novemba nlimuangalia kwenye karatasi nkampita, kwa sababu mezani kwangu kulikuwa na sombe ya mama ambaye kodi yake ilikuwa inategemea nani ni gavana, na 2010 ilitosha. Caron mwenyewe alijitoa siku chache kabla ya kura akasema watu wampe Mills, kwa hofu hiyo hiyo ya kugawanya. Wangapi walifanya kama mimi hakuna anayejua, maana kiduara kimoja hakisemi.

Mills akapata kura kama 320,000, Moody kama 272,000, Hayes 37,000. Asilimia 50.9. Alivuka nusu, kwa kidogo tu lakini alivuka, na akawa mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Maine. Kwenye uchaguzi huo huo, wilaya ya pili ya Maine kwenye bunge la Marekani, iliyo na Lewiston ambako wamejaa Wasomali na Wabantu wa Kisomali waliotoka Dadaab na Kakuma, wengine wanaongea Kiswahili safi kuliko mimi, Bruce Poliquin wa Republican aliongoza kura za kwanza na Jared Golden wa Democratic akashinda zilipohesabiwa namba za pili. Mwenzangu wa kazini anayetoka huko aliniambia alikaa na simu mkononi mpaka tarehe 15 walipotangaza, hata chai alikuwa anasahau.

Mills aliapishwa Januari 2, 2019 na kesho yake, amri yake ya kwanza kabisa, akaruhusu bima ya afya ya serikali ipanuliwe, ile ambayo wananchi walikuwa wameshaipitisha kwa asilimia 59 Novemba 2017 na LePage akakataa kuitekeleza. Kazini kwetu kulikuwa na wafanyakazi wa kutwa, Wamarekani weupe waliozaliwa hapo hapo, ambao walikuwa hawana bima yoyote. Mmoja alikwenda kung'oa jino lililomsumbua miaka, karudi kavimba shavu anacheka.

Kiangazi hicho, Juni 2019, mabasi yakaanza kushusha watu Portland kutoka mpaka wa Texas. Waomba hifadhi, wengi wa Kongo na Angola, walikuwa wamevuka msitu wa Panama kwa miguu na watoto mgongoni. Wakafika mamia, manispaa ikafungua Expo, ule ukumbi wa mpira wa kikapu, ikapanga vitanda vya kukunja mpaka chini ya magoli. Walitaka wakalimani nkaenda baada ya zamu. Kilingala sijui, Kireno sijui, lakini wa Kivu walikuwepo, na mama wa Bukavu alikuwa keshafika kabla yangu, kibali chake cha kazi kilikuwa kimeshatoka na alikuwa anafanya usafi hotelini, siku ya mapumziko yake ndo hiyo anazunguka na sabuni na nepi. Julai serikali ya Mills ikabadilisha kanuni ili waomba hifadhi wapya kama wale waweze kupata msaada wa manispaa. Haikuwa pesa nyingi. Ilikuwa mlango wa kufunga usiku.

Jioni moja nlimkuta kakaa kwenye ukingo wa kitanda na kijana mmoja wa Uvira aliyefika juzi, fomu imegeuzwa upande mweupe, anachora. Nkadhani anamuelekeza njia ya kwenda stesheni ya basi. Nkasogea. Alikuwa amechora mistari ya kushuka na ya kwenda kando, majina kushoto, na ndani yake viduara, safu baada ya safu. Kijana alikuwa amemuuliza huyo gavana wa hapa ni nani alimuweka.

"Uyu wa kwanza," mama akawa anamwambia, kalamu imegusa karatasi. "Akianguka?"

Kijana akaangalia viduara, akaweka kidole kwenye safu ya pili.